Mgonjwa aliyetulia ICU naye apimwe akili kila shifti

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na watu wa aina mbili kwa mpigo, manesi wenzangu wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na wale ndugu wanaoshinda kwenye mabenchi nje ya mlango wa ICU hapa Dar, kwa sababu kuna jambo linatupita wote kila siku na linaumiza wagonjwa wetu. Ni ile hali mtu kaingia na ugonjwa wa mwili tu, nimonia, ajali ya bodaboda, upasuaji wa tumbo, halafu ghafla akili inahama. Hospitali tunaiita deliriamu. Mtaani watasema anaweweseka, kachanganyikiwa, au kapandwa na kitu.

Mimi ni nesi wa ICU. Sitaji ninapofanyia kazi kwa sababu haya hayahusu hospitali moja, yako kote na hata huko Ulaya na Marekani yapo. Ninachokitaka ni kimoja, kila mgonjwa wa ICU anayeweza kufungua macho apimwe akili kila shifti, aandikwe kwenye chati kama tunavyoandika presha na oksijeni, na zaidi sana yule aliyelala kimya asiyesumbua mtu.

Nianze na ndugu. Hii sio kichaa wala sio uzee. Ni ubongo umeelemewa na kitu kinachoendelea mwilini, inaweza kuwa maambukizi kwenye damu, oksijeni ndogo, sukari imeshuka, chumvi za mwili zimevurugika, figo au ini limegoma, maumivu ambayo hayajatulizwa, dawa tulizompa sisi wenyewe, au siku kadhaa bila usingizi wa maana. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anapungua taratibu, miezi na miaka, ila deliriamu inaingia ndani ya masaa au siku chache, jana jioni alikuwa anakutania leo asubuhi hakujui, mchana anarudi kidogo, usiku anapotea tena. Huko kupanda na kushuka ndo kunakodanganya watu. Daktari anapita raundi asubuhi anamkuta mgonjwa anaitikia vizuri, anaandika yuko sawa anaondoka, kumbe saa nane za usiku mtu huyohuyo alikuwa anamwita marehemu mama yake. Anayekuwa pale saa nane za usiku ni nesi, kwa hiyo nesi asipoiona hii kitu ujue hakuna mwingine wa kuiona.

Sasa tukisema kuchanganyikiwa kila mtu anawaza yule wa fujo. Anang'oa mpira wa puani, anataka kushuka kitandani na kidonda cha tumbo kibichi, anapiga kelele tunataka kumchinja. Huyo hahitaji kutafutwa, wodi nzima inajua, ataitiwa daktari, atachomwa sindano, na sehemu nyingine atafungwa mikono kwa bandeji kwenye kingo za kitanda (na kufungwa kwenyewe kunamzidishia hofu na kuchanganyikiwa). Lakini ukweli ni kwamba ICU wenye fujo tupu ndo wachache kuliko wote. Wengi ni wakimya, au wanabadilika, sasa hivi wako kimya baadae wana fujo. Mkimya amelala anaangalia dari, ukimgeuza anageuka, ukimlisha kwa mpira hasumbui, na kwenye ripoti ya kukabidhiana shifti anaelezwa kwa neno moja, ametulia. Nesi mwenye wagonjwa kadhaa akisikia ametulia anashukuru Mungu anaenda kwa mwingine, na mimi siwezi kumlaumu, namjua anavyokimbizana.

Na sisi huku kwetu kuna kitu kinatudanganya ambacho kwenye vitabu vya wazungu hukikuti. Unafika kitandani unasema shikamoo baba, mzee anajibu marahaba. Unasema pole, anasema nshapoa. Umeridhika, mgonjwa anaongea na anaelewa. Hajaelewa. Marahaba mtu ameisema maisha yake yote, inatoka hata akili ikiwa mbali, haihitaji afikirie wala akusikilize zaidi ya sekunde moja, na kitu cha kwanza kinachokufa kwenye deliriamu ni uwezo wa kushika jambo akilini na kulifuata. Salamu haipimi hicho.

Kuna mzee mmoja, mkazi wa Tandika, alifanyiwa upasuaji wa utumbo. Mpole kabisa, kila shifti anapokewa ametulia, anaitikia salamu. Binti yake akaingia jioni muda wa kuona wagonjwa, akakaa nae kama robo saa, akatoka akanifuata pembeni akaniambia, "Sista, samahani, mimi sio daktari, ila Yanga imecheza jana na baba hajaniuliza matokeo. Baba yangu mimi? Huyu hayuko sawa." Mimi nilishafurahi kumpokea mgonjwa asiye na neno, lakini maneno ya yule binti yalikuwa na uzito kuliko monita nzima, kwa sababu swali la kwanza kabisa kwenye kipimo chetu ni hilohilo, je mtu huyu amebadilika ghafla kutoka alivyo siku zote, au hali yake inapanda na kushuka ndani ya masaa ishirini na nne yaliyopita? Sisi hatumjui alivyo siku zote. Anayejua ni binti yake.

Nikarudi kitandani na kipimo. Kinaitwa CAM-ICU, kilitengenezwa na Dokta Wesley Ely na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville huko Marekani, kikatoka 2001, na uzuri wake kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kuongea kwa sababu ana mpira kooni yuko kwenye mashine ya kupumulia. Hakitaki damu wala picha wala umeme. Kinataka dakika mbili hivi, mkono wako na sauti yako.

Kabla ya kipimo unaangalia kwanza mgonjwa yuko macho kiasi gani, tunatumia skeli ya RASS inayoanzia kujumlisha 4, huyo ni wa kupigana, mpaka kutoa 5, huyo hata umtikise hasikii. Katikati ni sifuri, yuko macho na ametulia kweli. Akiwa kutoa 4 au kutoa 5 huwezi kumpima, unamwacha unarudi baadae, na hapa naomba wenzangu tusikilizane, kurudi baadae maana yake ni kurudi kweli, sio kuandika haiwezekani halafu basi mpaka wiki iishe. Yule mzee wangu ukimwita anafungua macho na kukuangalia zaidi ya sekunde kumi halafu anasinzia tena, hiyo ni kutoa 1.

Halafu unamshika mkono. Unamwambia baba nitataja herufi, kila ukisikia A nibane mkono, nyingine zote usibane. Unasoma herufi kumi taratibu kwa sauti ya kawaida, S, A, V, E, A, H, A, A, R, T. Kwa wazee wetu mimi namfanyia mfano kwanza wa sauti yenyewe ninayoitaka, maana ukianza kusoma herufi kwa Kiingereza mtu aliyesoma zamani au hakusoma kabisa unamfelisha bure wakati hana tatizo. Asipobana kwenye A ni kosa, akibana kwenye herufi nyingine ni kosa, makosa yakizidi mawili ujue hawezi kushika umakini. Mzee alibana A ya kwanza vizuri kabisa, nikasema sawa. Ya pili kimya. Ya tatu kimya, mkono umelegea kwenye wangu, macho yako kwenye dripu. Ya nne hakuna. Makosa matatu. Nikamuamkia tena, akasema marahaba mwanangu.

Hapo nilishamaliza. Amebadilika ghafla kwa ushahidi wa binti, umakini hana, na kiwango cha kuwa macho sio sifuri, hiyo ni deliriamu. Angekuwa sifuri kabisa ningeendelea na maswali manne ya ndiyo na hapana, jiwe linaelea juu ya maji? Baharini kuna samaki? Kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili? Nyundo inagongelea msumari? Halafu unamwonyesha vidole viwili unamwambia nionyeshe hivihivi, kisha fanya hivyohivyo kwa mkono wa pili, bila kumwonyesha tena. Akikosea zaidi ya moja katika hayo basi mpangilio wa mawazo umevurugika. Wenye mpira kooni wanajibu kwa kutikisa kichwa. Kuna wenzangu wanaona aibu kumuuliza mtu mzima kama jiwe linaelea, wanahisi wanamdhalilisha. Mwambie tu, mzee nina maswali mepesi namuuliza kila mtu humu ndani, hakuna aliyewahi kunigombeza kwa hilo.

Kipimo kikisema ndiyo kazi ndo inaanza, na hapa ndo naona tunapoteza wagonjwa, tunaandika deliriamu halafu tunaomba sindano ya kumtuliza. Unatakiwa utafute kilichouvuruga ubongo. Yule mzee nilimfunua shuka nikaanza juu mpaka chini. Mfuko wa mkojo una kidogo sana, nikafuata mpira, umejikunja chini ya paja, kibofu kimejaa kimekuwa kigumu unakishika kwa mkono. Mtu kaumwa na kibofu masaa yote hayo na hajaweza kusema. Joto lilikuwa limeanza kupanda na kidonda kwenye kona moja kimevimba chekundu. Nikamwita daktari, akaja, akakifungua kidonda, akabadilisha antibayotiki, na dawa ya usingizi aliyokuwa anapewa usiku ikasimamishwa. Siku zilizofuata mzee alirudi kidogokidogo, na habari za Yanga alizidai mwenyewe.

Kuhusu dawa niseme wazi. Midazolamu na diazepamu, dawa za kutuliza na kulaza mtu, zina kazi zake, mwenye degedege anazihitaji, anayetetemeka kwa kukosa pombe anazihitaji, ila kumpa mgonjwa wa ICU ili tu alale na wodi ipumue, zenyewe zinaleta deliriamu au zinaongeza iliyopo. Na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ambayo wengi tumezoea kuiona kama ndo tiba, kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2018 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, wagonjwa 566 wenye deliriamu, waliopewa haloperidoli na waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na kitu ndani yake siku zao za kuchanganyikiwa hazikutofautiana kwa maana yoyote. Miongozo ya wataalamu wa ICU iliyotoka mwaka huohuo inasema isitumike kama kawaida kwa kila mtu, ibaki kwa yule anayehangaika mpaka anajihatarisha au anateseka, na hata huyo kwa muda mfupi. Kinachosaidia ni vitu vya kawaida kabisa, kutibu chanzo, kutuliza maumivu, kupunguza dawa za usingizi, kumkalisha na kumnyanyua mapema, kumpa usiku wake uwe usiku.

Labda kuna msomaji anajiuliza si atapona tu akipona ugonjwa wake. Wengi wanarudi, ndiyo, lakini sio bure. Utafiti wa 2004 wa huyohuyo Ely kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia ulionyesha ndani ya miezi sita waliopata deliriamu walifariki asilimia 34, ambao hawakupata asilimia 15. Mwaka 2013 ukatoka mwingine wa wagonjwa 821, asilimia 74 walipata deliriamu wakiwa hospitali, na kadiri siku zake zilivyokuwa nyingi ndivyo kumbukumbu na uwezo wa kufikiri ulivyokuwa chini hata mwaka mzima baadae. Hao ni mafundi, walimu, mama wauza duka, watu ambao hospitali ilishaandika wamepona wakaruhusiwa, akifika nyumbani hesabu ya chenji inamshinda na hakuna anayeelewa kwa nini.

Kitu kingine cha hapa kwetu. Dar ina watu wa kila kabila, na mgonjwa akizidiwa mara nyingi anarudi kwenye lugha ya mama yake. Bibi anaongea Kimakonde, nesi ni Mhaya, anaandika anapayuka. Pengine bibi anaomba maji. Pengine kweli anapayuka, lakini atakayejua ni mjukuu wake aliyeko nje kwenye benchi, mwiteni aje asikilize, dakika mbili hazivunji utaratibu wowote. Hivyohivyo kwa miwani na mashine ya masikio, umemvua wakati anapokelewa ukaweka kwenye mfuko wa nailoni umempa ndugu, halafu unampima mtu asiyeona wala kusikia unasema amechanganyikiwa.

Kwa hiyo wakubwa wanaopanga mambo ya hospitali, naomba mstari mmoja wa deliriamu kwenye chati ya ICU, kila shifti, na kwenye kukabidhiana usiishie kwenye ametulia, useme RASS ngapi na kipimo kimesemaje, ndiyo, hapana, au haikuwezekana. Manesi wapya wafundishwe kitandani na sio kwenye semina ya hoteli peke yake. Taa zizimwe au zipunguzwe usiku, maana ICU nyingi saa saba usiku na saa saba mchana hazina tofauti, mwanga uleule, kelele zilezile, dirisha hakuna. Saa ya ukutani iwepo mahali ambapo mgonjwa anaiona, sio juu ya kichwa chake. Tuwe tunamwambia alipo, mama leo Jumanne, uko hospitali Dar es Salaam, umefanyiwa upasuaji, hiyo unayoisikia ni adhana ya alfajiri, kumekucha. Na ndugu aruhusiwe kukaa zaidi ya ile nusu saa, mmoja, amenawa mikono, anamshika mgonjwa wake na kumpa habari za nyumbani. Najua hofu ya maambukizi, najua nafasi ni ndogo, naomba tu lifikiriwe, kwa sababu yule binti wa Tandika asingeingia jioni ile sijui kibofu kile kingeonekana saa ngapi.

Na ndugu zangu mlioko nje. Mgonjwa akianza kusema anaona watu ukutani msikimbilie kusaini mumtoe mumpeleke kwa mganga au kwenye maombezi. Ombeni, dua zisomwe, mimi mwenyewe naomba nikiwa kazini, ila mgonjwa abaki kwenye oksijeni yake wakati mnaomba. Kumtoa mtu mwenye maambukizi kwenye damu kwa kuamini ni majini, nimeona mwisho wake na sio mzuri. Akirudi nyumbani akawaambia manesi walitaka kumuua, walimfunga, walimzamisha majini, msimcheke na msimwambie muongo, kwake aliyaona kweli na hofu ile inamkalia muda mrefu. Mwacheni aseme, mwelezeni taratibu kilichotokea, na usingizi ukimkataa au akisahau sana mrudisheni kliniki mseme alikuwa ICU.

La mwisho ndo gumu kwenu. Tukiwauliza mgonjwa huwa anakunywa pombe, msituangalie kwa hasira. Mtu aliyezoea pombe kila siku, iwe bia au gongo, akikatishwa ghafla kwa kulazwa, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu na kupata degedege, na hiyo ina matibabu yake ya tofauti kabisa na inaua isipojulikana mapema. Tumeshaambiwa hapana sista huyu ni mzee wa kanisa, huyu ni hajati, wakati mgonjwa anatetemeka mbele yetu. Tuambieni pia dawa za kienyeji, vidonge vya usingizi vya duka la dawa, unga kama upo, kuanguka wiki iliyopita, kusahau kulikoanza mwaka jana. Kama mnaogopa kusema mbele ya shemeji au mchungaji, niiteni pembeni au mpigieni simu nesi wa zamu, mseme peke yenu. Tunaandika kwenye faili kwa ajili ya matibabu na haitoki hapo.

Wako,
Nesi wa ICU,
Dar es Salaam